Majani ya mstafeli na saratani ya titi: wanaposema "maabara imethibitisha" wana maana gani?

BintiPongwe:

Habari za leo wana jukwaa. Wakubwa shikamooni.

Mama yangu ana miaka 61. Mwishoni mwa mwaka jana aligundulika na saratani ya titi la kushoto, akafanyiwa upasuaji, na sasa yuko kwenye kemo. Kila baada ya wiki tatu tunatoka Tanga kwenda Dar, anakalishwa kwenye kiti, anawekewa dripu ya saa tatu, kisha tunarudi. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya. Viungo vinamuuma, vidole vya miguu vina ganzi, chakula hakipiti. Nywele zimekwisha, hilo amelikubali na kilemba chake anakifunga vizuri tu.

Sasa shangazi amekuja kutoka Korogwe na mfuko mzima wa majani ya mstafeli. Anataka mama aache dripu mbili zilizobaki, aanze chai ya majani hayo kutwa mara tatu. Shangazi yangu si mtu wa kupuuzwa. Baba alipofariki ndiye aliyetusomesha, na anasema haya kwa uchungu kwa sababu anamwona wifi yake anavyokonda. Ana ujumbe wa WhatsApp unaosema stafeli inaua seli za saratani mara 10,000 kuliko kemo, kwamba ilithibitishwa maabara huko Marekani na kampuni za dawa zikaficha.

Nilikusudia kumbishia. Nikaingia mtandaoni kutafuta mwenyewe, na kweli nikakuta tafiti, tena nyingi. Zinasema dondoo ya majani imeua seli za saratani ya titi maabara. Kwa hiyo nimebaki sina la kumjibu.

Naomba kujua: kama maabara imeona inaua, kwa nini daktari haandiki majani? Na kama hayafai, kwa nini wanasayansi wanaandika kwamba yanaua? Kama kuna mtu anayezijua kazi za maabara anieleze taratibu, mimi nimesomea uhasibu. Mama ametuachia mimi na shangazi tukubaliane, na dripu ni Alhamisi ijayo.

Mkulima_Muheza:

Pole sana binti, Mungu ampe mama wepesi. Mimi mistafeli ninayo shambani na watu huja kuniomba majani, wengine kutoka mbali. Nimewaona walioyanywa wakasema wamepata nafuu, usingizi umerudi, maumivu yamepungua. Siwezi kusema saratani iliisha maana mimi si daktari na sikuona vipimo vyao. Ila wazee wetu walitibiwa kwa miti na hawakuwa wajinga. Msimvunje moyo shangazi, huyo ana nia njema.

Fundi_wa_Seli:

Dada BintiPongwe, pole kwa kuuguza. Mimi kwetu ni Kwale, kazini ni Nairobi, na kazi yenyewe ndiyo hii unayoiuliza: kupima dondoo za mimea juu ya seli za saratani. Nitaandika kwa urefu, univumilie.

La Alhamisi kwanza. Mama asikose dripu yake. Mengine tutajadiliana hapa, lakini hilo halingoji mjadala. Kemo ya baada ya upasuaji hupangwa kwa idadi na kwa nafasi maalumu ili kuzimaliza chembe zilizobaki mwilini ambazo hazionekani hata kwenye picha. Ukiikatisha katikati unaziachia zile zilizonusurika muda wa kuongezeka.

Sasa maabara. Tafiti ulizozikuta si za uongo na walioziandika si matapeli. Ila ngoja nikupitishe mezani uone kinachofanyika. Majani hukaushwa, husagwa, halafu hulowekwa kwenye methanoli au ethanoli. Kile kimiminika huchujwa, spiriti huvukizwa, chini ya chupa kinabaki kitu kizito cha kijani kinachonata. Hiyo ndiyo dondoo. Ndani yake si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa vitu vingi mno ambavyo hatujavitenganisha.

Upande wa pili kuna seli. Zile za saratani ya titi zinazotumika sana duniani huitwa MCF-7. Zilitoka kwa mgonjwa mmoja huko Detroit, Marekani, mwaka 1970, na mpaka leo zinaendelea kugawanyika kwenye chupa za maabara. Tunazilaza kwenye kabati la joto la nyuzi 37 lenye kaboni dayoksaidi asilimia 5, na tunazilisha maji yenye virutubisho ya rangi ya waridi. Yakigeuka manjano ujue zimeyachafua na zinataka kubadilishiwa. Zikiwa za kutosha nazigawa kwenye trei ya plastiki yenye vishimo 96. Kila safu naitilia dondoo kwa kipimo chake, kuanzia kikali kushuka hadi hafifu, na safu moja naiacha bila kitu. Baada ya saa 48 au 72 natia kemikali ya manjano inayoitwa MTT. Seli hai huigeuza zambarau, iliyokufa haiwezi. Mashine inasoma ukali wa zambarau katika kila kishimo, nami napata kipimo kilichoangusha nusu ya seli. Hiyo ndiyo namba utakayoiona kwenye makala, IC50. Ikiwa ndogo, dondoo ni kali.

Dada, katika nyingi ya makala hizo, neno "imethibitishwa" linaishia hapo. Hakuna mtu aliyekunywa chochote. Mle kwenye kishimo hamna tumbo, hamna ini, hamna damu inayozunguka wala figo inayochuja.

Na kuua seli kwenye kishimo ni rahisi. Jiki inaua. Chumvi ikizidi inaua. Sabuni ya vyombo inaua zote kabla hujafika mlangoni. Kazi ni kuziua hizi na kuziacha zile. Ndiyo maana pembeni huwa nina trei ya pili yenye seli zisizo za saratani. Sisi tunatumia Vero, zilizotolewa kwenye figo ya tumbili wa Afrika na watafiti wa Japani mwaka 1962. Mara nyingi sana natoa trei ya saratani nakuta zambarau imetoweka kabisa, moyo unanienda mbio, kisha natoa ile ya Vero nakuta nayo imekufa vilevile. Hiyo ni sumu tu. Ukisoma makala, tafuta kama walipima na seli za kawaida. Kama hawakupima, usimbebee shangazi makala hiyo kama hoja, wala yeye asikubebee.

Halafu kuna hesabu, na wewe ni mhasibu utaniangalia. Dondoo nyingi ghafi ninazopima huua nusu ya seli kwenye mikrogramu kadhaa, au hata 100, kwa kila mililita. Tuchukue 100. Mwili wa mtu mzima una maji ya takriban lita 40. Kufikisha kiwango hicho humo kote ni gramu 4 za dondoo iliyokolezwa, ziwe zimevuka utumbo zote, ini lisivunje hata chembe, figo isitoe kitu, na zikae hivyo kwa siku mbili au tatu kama zilivyokaa kwenye trei yangu. Haiwezekani kwa kikombe cha chai. Tena chai ni ya maji, wakati mimi nililoweka kwenye methanoli. Viambato vya stafeli vinavyosifiwa haviyeyuki vizuri kwenye maji. Kwa hiyo kilichoko kwenye sufuria ya shangazi na kilichoko kwenye makala si kitu kimoja, ingawa vyote vimetoka kwenye jani lilelile.

Ile "mara 10,000" ina chanzo, ndiyo maana haifi. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha habari za viambato walivyovitoa kwenye mbegu za stafeli. Mbegu, si majani. Kimoja kati yake, kilipowekwa kwenye seli za saratani ya utumbo mpana, kilikuwa na nguvu mara 10,000 kuliko adriamaisini, mojawapo ya dawa za kemo, juu ya seli hizo. Kiambato kimoja kilichosafishwa, aina moja ya seli, ndani ya plastiki. Aliyeandika ujumbe wa WhatsApp ameondoa mbegu, ameondoa utumbo, ameondoa plastiki, akabakiza namba. Na hakuna aliyeficha. Ilichapishwa kwenye jarida la kisayansi na iko pale mpaka leo.

Viambato hivyo huitwa asetojenini. Huua kwa kuzuia mitokondria, sehemu ya seli inayotengeneza nguvu. Lakini seli za neva nazo zinaishi kwa nguvu hiyohiyo, tena zinaihitaji kuliko nyingine. Kwenye kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibea, watu hula stafeli na kunywa chai ya majani yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa huko waliona wagonjwa wengi kupita kawaida wenye dalili kama za Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa viungo, ambazo dawa za Parkinson hazizitulizi, na wengi wao walikuwa watumiaji wa matunda na chai hizo. Baadaye kiambato kimojawapo, anonasini, kilipoingizwa kwenye miili ya panya kiliharibu seli za ubongo. Hayo hayatoshi kusema stafeli ndiyo iliyowaumiza watu wale wa Guadeloupe. Yanatosha mimi kusema kwamba mtu ambaye vidole vyake tayari vina ganzi kwa sababu ya kemo asinyweshwe chai hiyo kutwa mara tatu.

La mwisho kwa leo. Hebu soma jina la dawa kwenye karatasi ya mama uniambie.

BintiPongwe:

Asante sana kaka, nimesoma mara mbili na ile hesabu nimeirudia kwenye karatasi, imekaa sawa. Nimeangalia faili la mama. Imeandikwa Paclitaxel. Pia usiku wa kuamkia dripu anameza vidonge vingine, na asubuhi anachomwa sindano mbili kabla haijaanza. Kwa nini umeuliza?

Na shangazi anauliza (nimemsomea yote, alinyamaza muda mrefu): akinywa kidogo tu, kikombe kimoja asubuhi, pamoja na dripu badala ya kuiacha, kuna ubaya gani?

MfamasiaDar:

Nimjibu shangazi hapo kwenye kikombe kimoja. Shikamoo shangazi.

Paclitaxel huvunjwa na vimeng'enya vya ini. Mimea mingi ina vitu vinavyochezea vimeng'enya hivyohivyo. Vikizuiwa, dawa inakaa mwilini kwa wingi kuliko daktari alivyokusudia, na madhara yanapanda: chembe nyeupe za damu zinashuka sana, ganzi inazidi. Vikichochewa, dawa inatoka haraka kabla haijafanya kazi. Kwa kikombe cha shangazi hakuna anayeweza kukuambia kitaenda upande gani, kwa sababu kikombe hakina kipimo. Majani ya leo na ya wiki ijayo hayafanani. Pia kama mama anatumia dawa za presha au sukari, stafeli kwa wanyama imeonekana kushusha vyote viwili.

Ninachoomba ni kwamba Alhamisi mwende na mfuko wa majani wenyewe, mumwonyeshe daktari au mfamasia wa kitengo. Msiache nyumbani kwa kuogopa kugombezwa. Na hizo dalili, ganzi hasa, mama aziseme bila kujikaza. Daktari ana uwezo wa kupunguza dozi, kuisogeza, au kubadilisha ratiba ya dripu, lakini hawezi kurekebisha asichoambiwa. Kina mama wengi hujibu "sijambo" wakiulizwa, halafu wanalia kwenye basi wakirudi.

Homa ikifika nyuzi 38 kati ya dripu na dripu, msingoje asubuhi wala msimpe chochote cha kienyeji. Hospitali hapo hapo.

Fundi_wa_Seli:

Asante MfamasiaDar, hilo la homa naliunga mkono kwa mikono miwili.

Dada, niliuliza jina kwa sababu nilihisi ndiyo hiyo. Dawa anayowekewa mama ni ya mti. Mwambie shangazi hivyo kwa heshima zote: wifi yake tayari anatibiwa kwa mti, tangu dripu ya kwanza.

Agosti 1962 mtaalamu wa mimea, Arthur Barclay, alikata magome ya mti mdogo wa misitu ya jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani. Ulikuwa mmoja tu kati ya maelfu ya mimea iliyokuwa ikikusanywa na serikali yao ili kupimwa dhidi ya saratani. Magome yakapelekwa kwa wakemia wawili huko North Carolina, Monroe Wall na Mansukh Wani. Walichofanya ni kutenganisha dondoo sehemu kwa sehemu, kila sehemu wanairudisha kwenye seli, inayoua wanaifuata, isiyoua wanaiacha, mpaka wakabaki na kitu kimoja. Umbo lake wakalitangaza 1971. Miaka kumi karibu, na hapo bado ni unga tu kwenye chupa, hauyeyuki kwenye maji, na wengi walidhani haufai kuendelezwa.

Mwaka 1979 Susan Horwitz, New York, akaonyesha namna unavyoua, na namna hiyo ilikuwa haijawahi kuonekana. Seli ikitaka kugawanyika huunda nyuzi za kuvutia kromosomu kila upande, kisha nyuzi hizo hufumuliwa. Paklitakseli inazigandisha zisifumuke. Seli inabaki imekwama katikati ya kujigawa, inakufa. Hapo watu wakaamka. Bado ilibidi itafutwe njia ya kuiyeyusha, na walitumia mafuta ya mbarika yaliyofanyiwa kazi kiwandani, yale mnayoyaita nyonyo. Mafuta hayo huwaletea baadhi ya watu mzio mkali, na ndiyo sababu ya vile vidonge vya usiku na zile sindano za asubuhi anazopewa mama. Dawa ikaruhusiwa kwa saratani ya mfuko wa mayai mwaka 1992, na ya titi 1994.

Kutoka gome hadi kuruhusiwa ni miaka 30. Miaka hiyo ilikwenda kujibu maswali ambayo trei yangu haiwezi kuyajibu: kiasi gani, kwa saa ngapi, kila baada ya siku ngapi, nani isimfae, nini kifanyike ikimdhuru. Stafeli haijajibiwa hata moja kati ya hayo kwa mgonjwa wa saratani ya titi. Daktari wa mama haandiki majani kwa sababu hana cha kuandika kwenye mstari wa dozi.

Mkulima_Muheza:

Fundi nimekuelewa na nimejifunza. Lakini niruhusu niseme neno. Dawa zote unazotaja ni za miti ya kwao. Za kwetu wanakuja wanachukua na hatusikii tena. Hapa kwetu milima ya Usambara imejaa miti ambayo hata wataalamu hawajaimaliza. Kuna mganga mmoja mzee hapa anatumia mti fulani kwa uvimbe, mimi nimeona uvimbe ukinywea. Nikikuletea majani utayapima?

Fundi_wa_Seli:

Mzee wangu Mkulima, ya kwetu ipo, na imetoka jirani na nyumbani kwetu. Hili ndilo jambo lililonifanya nisomee kazi hii, kwa hiyo nitalisema lote.

Katika ukusanyaji uleule wa Wamarekani, kati ya 1960 na 1982, zilipimwa dondoo zaidi ya 100,000. Mti mmoja wa jamii ya Maytenus kutoka Ethiopia ulionyesha nguvu ya kutisha. Mwaka 1972 mkemia Morris Kupchan wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake walitangaza kiambato chake, maitansini. Kwenye seli kiliua kwa vipimo vidogo ajabu. Tatizo ni kwamba mti unacho kidogo mno, unasaga mzigo mzima unapata miligramu. Wakatafuta ndugu zake wenye zaidi, wakafika Shimba Hills, Kwale, wakaukuta Maytenus buchananii. Mwaka 1976 zilivunwa zaidi ya tani 27 za mti huo pale vilimani. Miaka minne baadaye walihitaji nyingine, wakakuta haujarudi. Walihangaika kupata tani 8.

Na dawa yenyewe ikashindwa. Walipoipima kwa wagonjwa, watu waliharisha, walitapika, waliishiwa nguvu, na uvimbe wao haukupungua kwa kiasi cha kustahili mateso hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikawekwa kando. Naomba BintiPongwe naye asome hapa: kiambato kilichosafishwa, chenye nguvu kuliko karibu kila kitu kilichopita kwenye trei za wakati ule, kilifika kwa binadamu kikakwama kwa sababu hakikuchagua cha kuua.

Hakikufa moja kwa moja. Mwaka 1977 watafiti wa Japani walitangaza kwamba kuna bakteria wanaotengeneza vitu vya ukoo uleule, kwa hiyo haikuwa lazima tena kukata msitu, unawafuga kwenye matangi. Baada ya hapo ikaja fikra ya kuifunga sumu hiyo kwenye kingamwili. Kuna saratani za titi ambazo seli zake zina protini nyingi ya HER2 juu ya ngozi yake. Kingamwili ya trastuzumabu inaitafuta HER2, inaishika, seli inaimeza, na sumu inafunguliwa ikiwa tayari imo ndani. Sehemu nyingine za mwili zinapata kidogo. Dawa hiyo, trastuzumabu emtansini, iliruhusiwa Marekani Februari 2013. Kati ya malori ya Shimba Hills na siku hiyo imepita miaka 37. Dada, ukifika Alhamisi uliza kama uvimbe wa mama ulipimwa HER2 na jibu lilikuwaje. Ni swali halali na jibu huwa liko kwenye faili.

Kwa hiyo Mzee, mimi sina malalamiko ya kufichwa, maana haya yote yameandikwa. Kinachonichoma ni tani zile kuondoka kwetu wakati ambapo hakukuwa na mkataba wowote wa kimataifa unaosema watu wa msitu wapate gawio. Mkataba wa Bayoanuwai ulikuja 1992, Itifaki ya Nagoya 2010. Kwale tulikuwa tumeshachelewa. Ndiyo maana nataka vipimo hivi vifanyike hapa, na vijana wetu, na wenye maarifa wakiandikwa majina yao.

Sasa huo mti wa mganga wako. Usinitumie mimi. Kuvusha sampuli mpaka wa nchi kunahitaji vibali, na huna haja ya kuvuka. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asilia, hii ndiyo kazi yao. Kabla hujakata jani hata moja, mganga akubali, na akitaka makubaliano ya maandishi kuhusu maarifa yake, ayapate kwanza. Mwulize anatumia jani, gome au mizizi, anachemsha kwa muda gani, anampa mgonjwa kiasi gani. Hayo yana thamani kuliko majani yenyewe, kwa sababu bila hayo tunapima kitu ambacho hakuna aliyewahi kukitumia.

Kisha chukua tawi lenye ua au tunda, si majani matupu. Wataalamu wa mimea hawawezi kuutaja mti kwa uhakika kwa jani peke yake, na mti usio na jina hauwezi kurudiwa na mtu mwingine. Libane tawi kati ya magazeti, uzito juu, ubadilishe magazeti kila siku mpaka likauke. Andika tarehe, kijiji, uko mlimani au bondeni, na jina mnaloliita hapo. Majani ya kupimia kausha kivulini penye upepo, yasipigwe jua, na uyaweke kwenye mfuko wa karatasi. Ukiyafungia kwenye plastiki yakiwa na unyevu yataota ukungu, na hapo nitakuwa napima sumu ya ukungu badala ya mti wako.

BintiPongwe:

Kaka Fundi, MfamasiaDar, Mzee Mkulima, asanteni nyote. Shangazi anasema hiyo ya nyonyo hakuijua, na ameniuliza tena jina la huo mti wa Marekani, sikulikuta kwenye maelezo yako. Alhamisi anakuja na sisi Dar. Amesema mfuko wa majani ataubeba yeye mwenyewe na daktari atamuuliza yeye mwenyewe.

Fundi_wa_Seli:

Taxus brevifolia. Kwetu hauoti, lakini mwandikie shangazi hivyohivyo kwenye karatasi aende nalo. Na msisahau HER2.